Ufa Msiuzibe Kwanza

Swali

Ndugu Mhandisi, mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa jengo la ghorofa nne lenye fleti 24. Jengo ni la ushirika wetu wenyewe, lina umri wa zaidi ya miaka 40, na wengi wetu ni watu wa kipato kidogo. Chini kabisa ni maegesho, yaani ghorofa zote nne zimesimama juu ya nguzo. Nguzo mbili zina nyufa za wima, na kwenye moja zege limebanduka hadi nondo zinaonekana. Mvua ikinyesha, dari za ghorofa ya juu zinavuja. Jua likiwaka, wazee wanaokaa huko hawalali. Bafu zina ukungu karibu kila ghorofa. Mkandarasi mmoja ametuletea pendekezo la kupiga lipu upya, kupaka rangi, kubadili madirisha na kuweka vigae kwenye ngazi. Mwingine anasema jengo limekwisha, tubomoe. Akiba yetu inatosha kazi moja kubwa kwa mwaka. Tuanze wapi, na tufanyeje ili jengo lihimili mvua na joto bila gharama kutuhamisha?

Jibu

Ndugu Katibu,

Umeniandikia mambo mengi, lakini jicho langu limenasa kwenye sentensi moja: zege limebanduka hadi nondo zinaonekana. Kabla hujaendelea kusoma, zungusheni kamba kwenye nguzo hiyo, magari yaondolewe karibu nayo, na mtafute mhandisi wa miundo aje aikague wiki hii, si mwezi ujao. Sisemi jengo litaanguka kesho. Nasema nguzo ya chini imebeba mzigo wa ghorofa zote zilizo juu yake, na tabia ya nguzo si ya boriti. Boriti ikizidiwa hupinda, hupasuka tumboni, hukupa muda wa kuuliza maswali. Nguzo ikizidiwa hukatika ghafla.

Baada ya hapo, tuzungumze kwa nafasi.

Sote tumekuzwa na methali ya kuziba ufa. Kwa mambo ya maisha sina ugomvi nayo. Kwa jengo la zege ninao, kwa sababu nimekagua majengo mengi yaliyoharibika mikononi mwa watu waliowahi kuziba. Ufa ni shahidi. Unakuambia wapi panavutwa, wapi panazama, wapi maji yameingia. Fundi anayefika na mwiko na ndoo ya saruji akauziba siku ya kwanza amemnyamazisha shahidi kabla hajahojiwa, na ubovu unaendelea na kazi yake ndani, safari hii ukiwa umevishwa rangi mpya. Pendekezo la lipu, rangi na vigae mlilopewa ni hilo hilo kwa ukubwa wa jengo zima. Msilisaini.

Ufa wa wima unaofuata urefu wa nguzo, kisha zege likabanduka kama ganda la mti, mara nyingi mno ni kazi ya kutu. Zege jipya ni alkali kali, pH yake iko kati ya 12 na 13, na chuma kilichozikwa ndani yake hujivika utando mwembamba unaokikinga. Lakini zege lina vinyweleo. Kaboni dayoksaidi iliyo hewani hupenya kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na kuupunguza ule ukali. Ukishuka kufikia 9 hivi, utando unavunjika. Chuma kinabaki uchi, kinasubiri maji. Yakifika, kutu inaanza, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa: mara mbili, tatu, hata sita. Nafasi hiyo ndani ya zege haipo, kwa hiyo kutu inajitafutia kwa kulisukuma zege nje mpaka lipasuke. Ufa ukishafunguka, maji yanaingia kwa urahisi zaidi kuliko mwanzo.

Kuna jaribio moja ambalo wakazi huwa hawalisahau wakiliona, na ningependa kamati nzima isimame pale mhandisi akilifanya. Atavunja kipande kidogo cha zege kwenye nguzo, atapangusa vumbi, kisha atapulizia palipovunjwa dawa iitwayo fenolftaleini. Penye zege lenye afya pataiva rangi ya waridi, nzito, karibu na zambarau. Penye zege lililochoka hapabadiliki, panabaki kijivu tu kilicholowa. Hapo anaweka rula. Kama waridi inaanza milimita 10 kutoka usoni mwa nguzo, na nondo ziko milimita 30 ndani, chuma bado kimo kwenye kinga na mna miaka mbele yenu. Kama waridi inaanza nyuma ya nondo, kinga imekwisha, na kilichobaki ni kuzuia maji yasifike. Kipimo hicho hakigharimu kitu cha maana, na kinajibu swali ambalo yule wa kubomoa na yule wa rangi hawakuliuliza.

Aombwe pia apite na nyundo ndogo nguzo zote, si hizo mbili tu. Zege zima likigongwa hulia kwa ukali. Lililoachana na nondo hulia bubu, kama debe lenye nguo ndani. Kila penye sauti bubu pachorwe duara kwa chaki. Mara nyingi nguzo ambayo mtu ameiona ni ile iliyotangulia tu kujitangaza.

Kutibu nguzo kuna utaratibu wake, nao hauruki hatua. Kwanza mzigo unategemezwa kwa jeki za chuma au mirunda, kwa hesabu ya mhandisi, si kwa makisio ya fundi. Kisha zege bovu linachongwa mpaka nyuma ya nondo, kiasi cha vidole viwili kupita, ili nondo izungukwe na zege jipya pande zote. Watu wengi wanachonga mbele tu, wanaacha mgongo wa nondo kwenye zege lililochoka, na kutu inaendelea upande usioonekana. Nondo zinasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Iliyoliwa sana inaongezewa nyingine kando yake. Halafu ndipo zege la ukarabati, na baada yake kulimwagilia siku kadhaa, kazi ambayo kila mtu huidharau na ndiyo inayoamua kama kiraka kitashika. Nguzo mbili zisichongwe kwa wakati mmoja.

Lakini haya yote ni bure kama hamjui maji yanatoka wapi. Nguzo haziloi zenyewe. Kwa jengo lenu nina washukiwa watatu: bomba la maji ya mvua linaloshuka kando ya nguzo, bomba la maji taka la bafu lililopasuka juu yake, na maji yanayotuama chini kwenye maegesho na kupanda kwenye shina la nguzo. Wa kumpata ni ninyi, kwa sababu ninyi ndio mnaolala hapo mvua ikinyesha.

Mfanye hivi. Usiku mmoja, watu wakishalala, fungeni matumizi yote, hakikisheni tangi limejaa na boya lake limekata maji, kisha mtu mmoja asome mita kuu. Asubuhi kabla ya mtu wa kwanza kufungua bomba, aisome tena. Namba ikiwa imesogea, mna bomba linalovuja ardhini au ndani ya ukuta. Mvua ikija, watu wawili wapande juu ya paa na wengine wabaki chini na penseli. Kila alama ya unyevu kwenye dari izungushwe mstari na kuandikwa tarehe na saa. Mvua ya pili, mstari wa pili. Baada ya mvua tatu mtakuwa na ramani ambayo hakuna mkandarasi atakayeweza kuwadanganya mbele yake. Alama inayokua hata siku za kiangazi si ya paa. Ni ya bomba.

Na msiamini tone. Hili nililijifunza kwa aibu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilisimamia ukarabati wa jengo la ghorofa tatu lenye paa la zege tambarare. Wakazi walitaka juu pawe na vigae ili waanike nguo bila kuchafuka, nami nikakubali vigae vilazwe moja kwa moja juu ya tabaka la zamani la kuzuia maji. Sikupima mteremko. Nikaona vigae vinang'aa, nikasaini. Misimu miwili ya mvua baadaye dari ya chumba kimoja ilianza kudondosha maji. Tukavunja vigae juu ya lile tone hasa, tukaziba, tukaondoka. Likadondoka tena. Tundu lenyewe lilikuwa mita nne kando, pembeni mwa bomba la kutolea maji, na maji yalikuwa yakisafiri chini ya vigae, juu ya lile tabaka, yakitafuta pa kuingilia. Tulibomoa vigae vyote. Gharama ya kubomoa ilizidi gharama ya kazi ya kwanza, na mzee mmoja wa pale hakunisalimia tena mpaka tulipomaliza.

Paa la zege linahitaji mteremko. Sentimita moja na nusu mpaka mbili kwa kila mita inatosha, bora maji yasipate pa kukaa. Kabla ya kuweka tabaka jipya la kuzuia maji, mwagieni paa na mwangalie: panapobaki dimbwi baada ya siku mbili, mteremko haupo, na tabaka lolote mtakaloweka juu yake mtakuwa mnalitesa. Matundu ya kutolea maji yawe mawili au zaidi, na pawe na tundu la dharura ukutani juu kidogo ya usawa wa paa, ili siku majani yakiziba matundu yote, maji yapate pa kutokea. Maji yana uzito ambao watu huusahau: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo sentimita kumi za maji yaliyotuama ni kilo mia moja kwa kila mita ya mraba. Na kama mna tangi la lita 10,000 juu ya paa, hiyo ni tani kumi mahali pamoja. Mwulizeni mhandisi kama limekaa juu ya boriti au limewekwa tu pale palipokuwa na nafasi.

Huko Surfside, Florida, Marekani, jengo la fleti la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South, lililojengwa mwaka 1981, liliporomoka kwa sehemu kubwa usiku wa tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Mwaka 2018 mhandisi aliyelikagua alikuwa ameandika kwamba tabaka la kuzuia maji kwenye uwanja wa bwawa la kuogelea limekwisha, na kwamba zege lililo chini yake limeumia, kwa sababu uwanja ule ulijengwa tambarare na maji hayakuwa na pa kwenda. Wachunguzi wa janga lile walikuta kasoro za usanifu pia, hivyo sitaki kuyabebesha maji lawama yote. Ninachotaka mkione ni ile miaka mitatu. Ripoti ilikuwapo. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ilipita wenye fleti wakibishana kuhusu gharama.

Kwenu ubishi huo utakuja, na nitautaja mapema. Wa ghorofa ya kwanza atasema paa si lake, halimvujii. Wa ghorofa ya nne atasema nguzo za maegesho hazimhusu, yeye hana gari. Andikeni kwenye kanuni za ushirika, kabla ya senti ya kwanza kutoka, kwamba paa, nguzo, ngazi, mabomba makuu na kuta za nje ni vya wote na vinalipiwa na wote. Jikoni na vigae vya ndani ni vya mwenye fleti. Nimeona kamati zikivunjika kwa jambo hili kuliko kwa fedha zenyewe.

Sasa hayo maegesho. Ghorofa ya chini yenye nguzo tupu bila kuta ni legevu kuliko zilizo juu yake, na jengo likitikiswa, msogeo wote unahamia hapo. Tetemeko la Northridge, Los Angeles, la tarehe 17 Januari 1994, lilikuta jengo la fleti la ghorofa tatu la aina hiyo. Ghorofa ya chini ilibanwa na zilizo juu, na watu 16 walifariki. Mwaka 2015 jiji hilo lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wamiliki wa majengo ya mbao yenye chini legevu kuyaimarisha. Lenu ni la zege, na zege la zamani lenye ringi chache kwenye nguzo, yaani vile vyuma vinavyozifunga nondo pamoja, ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Dawa yake si kujaza matofali ovyo kati ya nguzo. Ukuta mfupi ukiishia katikati ya nguzo huifupisha nguzo, na tetemeko huikata hapo hapo. Dawa ni kuta chache za zege zenye nondo, au fremu za chuma, zikiwekwa kwa uwiano pande zote ili jengo lisijizungushe. Kama mnaishi eneo lisilo na historia ya matetemeko, hili linaweza kusubiri. Kama mnaishi penye nayo, lifanyike pamoja na matibabu ya nguzo, kwa sababu jeki na mafundi watakuwa wapo tayari.

Ila maegesho yana faida moja ambayo wabomoaji hawaitaji. Mafuriko yakija, yanapita chini na hayaingii sebuleni kwa mtu. Mradi tu swichi kuu ya umeme, mita na pampu ya maji havijafungwa huko chini kwenye kimo cha goti. Kwenye majengo ya namna yenu huwa vipo hapo hapo, kwa sababu fundi alitaka urahisi. Vipandisheni juu ya alama ya maji makubwa kuliko yote mnayoyakumbuka, kisha ongezeni mita moja.

Wazee wa ghorofa ya juu nao hawakulalamika tu. Joto la ndani linaua. Mwezi Julai 1995 wimbi la joto liliua watu zaidi ya 700 mjini Chicago, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao, na waliokuwa ghorofa za juu kabisa, chini ya paa, walikuwa hatarini zaidi. Slabu tupu, yaani bamba la zege la paa, hunywa jua mchana kutwa na kulitema chumbani usiku, ndiyo maana wanashindwa kulala hata hewa ya nje ikiwa imepoa. Hapa mna bahati: kazi ya kuzuia maji na kazi ya kuzuia joto ni kazi moja, kwenye paa moja, na mafundi walewale. Mkisharekebisha mteremko, wekeni tabaka la kuhami joto juu ya slabu, si chini yake, ili zege lenyewe libaki kwenye kivuli. Kama fedha hazifiki, basi angalau rangi nyeupe inayoakisi jua juu ya tabaka la kuzuia maji. Paa jeupe jipya hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, karibu asilimia 80. Paa jeusi hurudisha kidogo sana. Linachafuka, ndiyo. Lifagiliwe na lioshwe kila mwaka, na mtakuwa mnazibua matundu ya maji siku hiyo hiyo.

Madirisha ya mkandarasi wenu yangeweza kuwaongezea joto. Madirisha ya alumini ya kusukuma kando yanapendeza, lakini hufunguka nusu tu ya upana wake, wakati dirisha la zamani la mabawa hufunguka lote. Ukibadili bila kukuza tundu, umepunguza upepo kwa nusu. Na pazia la ndani halizuii joto, linazuia mwanga. Jua likishapita kioo limeshaingia. Kivuli kinatakiwa nje: kipaa juu ya dirisha, luva (vibao vya kukinga jua), hata turubai kwenye roshani. Pesa za madirisha mapya zinatosha vivuli vya jengo zima na kubaki.

Ukungu wa bafu usipakwe rangi. Unahitaji tundu la hewa juu, feni ndogo inayotoa nje, na bomba lisilovuja nyuma ya ukuta. Basi.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha. Moto. Jengo la Grenfell Tower mjini London lilikuwa la ghorofa 24, limejengwa miaka ya 1970, na lilikuwa limetoka kukarabatiwa mwaka 2016 kwa kuvishwa mabamba mapya ya nje ili lipendeze na litunze joto. Katikati ya mabamba ya alumini mlikuwa na plastiki. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulioanzia kwenye friji jikoni ghorofa ya nne ulitoka dirishani, ukashika mabamba, ukapanda jengo zima. Watu 72 walikufa. Lilikuwa na ngazi moja tu. Jengo lilikuwa salama zaidi kabla ya ukarabati. Kwa hiyo mtu yeyote akiwapendekezea kuvisha kuta za nje povu, plastiki au mabamba ya rangi, swali la kwanza liwe linaungua au haliungui, na jibu liwe kwa maandishi ya kiwandani, si kwa mdomo.

Ngazi zenu ndiyo njia pekee ya kutoka, na mnachotaka kuziwekea ni vigae. Ziwekeeni taa zinazowaka umeme ukikatika, na milango ya fleti inayojifunga yenyewe na kuzuia moshi, maana moshi ndio unaoua kabla ya moto. Pikipiki, majiko ya zamani na masanduku yaondoke kwenye ngazi na korido. Nondo za dirisha angalau moja la kila fleti ziwe za bawaba, zinazofunguka kwa ndani bila kutafuta ufunguo. Waya wa umeme wa miaka 40 ulifungwa kwa ajili ya taa na redio; leo kila fleti ina friji, pasi na jiko la umeme. Fundi umeme aupime. Hii si kazi kubwa ya mwaka, ni kazi ya wiki chache, na isingoje foleni.

Tubomoe au tusibomoe? Mnayemsikiliza anauza jengo jipya, kwa hiyo mpime kwa kipimo hicho. Huko Bordeaux, Ufaransa, kulikuwa na majengo matatu ya miaka ya 1960 yenye fleti 530, aina ile ambayo kote duniani huitwa sanduku. Wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, pamoja na Frédéric Druot na Christophe Hutin, hawakubomoa. Waliongeza mbele ya kila fleti roshani pana yenye vioo, vipande vikitengenezwa kwingine na kupandishwa kwa kreni, na wakazi waliendelea kuishi humo humo. Kazi ilikamilika 2017. Mwaka 2021 Lacaton na Vassal walipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani. Ninachokipenda katika kazi ile si tuzo. Ni kwamba hakuna aliyeambiwa aondoke kwanza, kisha atarudi. Wanaoondoka kwanza hawarudi, mnalijua hilo bila kuambiwa na mhandisi. Katika hesabu ya kubomoa wekeni kodi ya familia 24 kwa miaka ya ujenzi, gharama ya kuhama mara mbili, na bei ya fleti mpya baada ya hapo. Wengi huiacha nje safu hiyo ya hesabu.

Hata hivyo yapo majengo ya kubomolewa, na sitaki muwe washabiki. Kama msingi unazama upande mmoja na bado haujatulia, kama zege lenyewe likichukuliwa sampuli na kukandamizwa maabara linaonekana halikuwahi kuwa na nguvu, au kama nondo za nguzo nyingi zimeliwa sehemu kubwa ya unene wake, basi kila mnachoweka juu ni kupoteza. Ripoti ya mhandisi itasema. Mhandisi huyo mlipeni ninyi, asiwe mtu wa mkandarasi yeyote kati ya wale wawili.

Kwa akiba ya kazi moja kwa mwaka, mwaka wa kwanza ningeuweka wote kwenye nguzo na bomba linaloziloesha. Kama ripoti itasema nguzo zinaweza kusubiri, basi paa litangulie. Mwaka wa pili paa lote, mteremko, kuzuia maji, kuhami joto, kwa pamoja na kabla ya mvua. Usikubali paa la nusu mwaka huu na nusu mwakani. Maungio ya kazi mbili ndiyo yanayovuja. Mwaka wa tatu mabomba ya bafu, yakibadilishwa kwa safu ya wima, fleti ya kwanza hadi ya nne mstari mmoja, ili kila safu ikose maji siku chache na si jengo zima kwa miezi. Lipu ya nje na rangi mwaka wa nne, kama bado mtaitaka. Na iwe rangi inayopumua, kwa sababu ukuta wenye unyevu ukifungiwa kwa rangi ya mafuta utaibandua.

Mkataba ulipe kwa hatua zilizokaguliwa, kamwe si nusu nzima mwanzoni. Baki na asilimia 5 hadi 10 ya malipo mpaka msimu mmoja wa mvua upite. Mkandarasi anayekataa kifungu hicho amekwishawaambia anavyoiona kazi yake mwenyewe.

Kuhusu zile nyufa mbili: leo hii, kabla mhandisi hajafika, zipigeni picha mkiwa mmeweka rula kando yake, kisha mchore kwa penseli kijistari chembamba kinachokatiza kila ufa, juu, katikati na chini, na kuandika tarehe. Pimeni upana wake kila Jumamosi, mtu yule yule, rula ile ile. Ripoti ikitoka nitumie ukurasa wa nguzo na ukurasa wa paa pamoja na vipimo hivyo, tuone zimetulia au zinatembea.